Mikono Niliyoifunga

Ndugu zangu, niacheni niseme huku natembeatembea, maana nikikaa hili neno halitoki. Mnanijua, mimi ni muuguzi, na maneno hayajawahi kunipungukia. Lakini hili nimelibeba tangu masika.

Tulimpokea wodini bibi mmoja kutoka Masagati, ameanguka, nyonga imevunjika. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau, hata jina la mwanawe lilishampotea. Majirani waliomleta wakarudi, binti yake akakwama njiani kwa mvua. Kila zamu namwendea: shikamoo bibi, unaumwa? Anajibu, "Marahaba, mwanangu. Mzima tu." Nami naandika kwenye faili: hana maumivu. Jamani, nani kati yetu alilelewa kumjibu mgeni kwamba hali ni mbaya?

Sasa mikono yake. Haitulii. Anapepeta, nawaambia, ungo hana, mpunga hana, anapepeta juu ya shuka kutwa nzima. Tukacheka. Tukasema bibi wa watu bado yuko shambani. Siku ya tatu akang'oa dripu mara mbili, wodi imejaa, niko peke yangu, hasira zikanipanda. Nikachukua bandeji nikamfunga mikono kitandani. Ndiyo, mimi. Msiniangalie hivyo. Au niangalieni tu, nastahili.

Mchana uleule binti akafika, matope mpaka magotini. Akaiona ile mikono. Hakupiga kelele. Alisema, "Sista, mama akiumwa hasemi. Anapepeta. Hata uchungu wa kumzaa mdogo wangu alipepeta nao mpaka wakunga walipomnyang'anya ungo."

Nikamfungua, nikamgeuza taratibu, na safari hii nikamtazama usoni: paji limekunjamana, meno yameumana, pumzi inakatika. Chini ya kiuno kuna kidonda cha kulala, kibichi. Siku tatu nimeandika hana maumivu! Nikamwita daktari, dawa ikachomwa. Mikono ikapunguza mwendo, ikasimama, ikalala juu ya shuka. Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Nilitaka kuacha kazi. Nikamweleza mkuu wa wodi kila kitu. Alinikaripia vya kutosha, kisha akanipanga kwa bibi yuleyule mpaka aliporuhusiwa. Namshukuru. Namshukuru binti yule aliyenifundisha bila kunitukana, na ninyi mliokuwa mnanipikia wiki ambazo chakula hakikupita.

Siku hizi kuuliza nauliza, lakini sitosheki na jibu. Natazama uso ninapomgeuza mgonjwa, nasikiliza anavyohema, namuuliza anayeishi naye: akiumwa, huwa anafanyaje? Nanyi wenye wazee nyumbani, mkiwaleta kwetu, tuambieni hilo kabla hatujawauliza jina.

Basi. Tukitoka hapa tutaulizana habari, na kila mmoja atasema nzuri. Semeni tu. Mimi nitakuwa naangalia mikono yenu.