Jael Hakulaani

WAHIDA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

JAEL: Mama Safa... ni mimi. Jael.

WAHIDA: Jael gani? Sauti inakwaruza.

JAEL: Jael wako wa Jeddah. Niliyekuwa nalea Safa, kabla nihamie Riyadh.

WAHIDA: Ha! Jael mwanangu! Hujambo? Mbona—

JAEL: Shikamoo. Siwezi kuongea kwa nguvu. Niko juu kwa paa, nyuma ya matangi ya maji. Simu ni ya Nahashon, dereva wetu. Yuko kwa geti ananichungia.

WAHIDA: Anakuchungia nini? Umepigwa?

JAEL: Bado.

WAHIDA: Bado? Jael, bado nini?

JAEL: Kaka ya madam, anaitwa Usama, alikuja kula hapa leo mchana. Tivii inaonyesha Gaza, vile huwa kila siku. Mimi napanga vikombe vya kahawa, simu yangu iko hapo kwa meza. Ikawaka. Ni group ya kanisa ya nyumbani. Mtu ametuma bendera ya Israeli, ati tuwaombee washinde.

WAHIDA: Ya Rabbi.

JAEL: Akaiona. Akaniuliza jina langu, kama hajawahi kulisikia. Akamwambia madam, "Si huyu ndiye hapigi pasi Jumamosi?" Na madam mwenyewe aliniruhusu, kazi zote nazimaliza Ijumaa—

WAHIDA: Sabato yako naijua. Hata kwangu ulikuwa hupigi.

JAEL: Akasema, "Inti yahudiya." Hakuuliza. Alisema tu, wewe ni Myahudi.

WAHIDA: Nawe?

JAEL: Nikamwambia mimi ni Mkristo, Msabato, kwetu ni Nyamira. Akasimama mlangoni nisipite. Ati kama si Myahudi, nilaani Wayahudi hapo hapo, watu wote wasikie. Wote. Walio hai na wale hawajazaliwa.

WAHIDA: Ukalaani.

JAEL: Mama Safa...

WAHIDA: Jael? Ukalaani, sivyo?

JAEL: Nilifungua mdomo. Maneno hayakutoka.

WAHIDA: Mtoto we! Si maneno mawili tu? Ungesema, ukarudi jikoni kwako. Mungu anajua kilichomo moyoni!

JAEL: Alichukua simu yangu. Anasema baba wa nyumba hii akirudi atampa, wanipeleke polisi. Ati mimi ni mpelelezi. Mama Safa, mimi! Hata njia ya kwenda dukani siijui!

WAHIDA: Usilie. Watakusikia chini. Hebu nambie kweli, unawapenda hao wanaorusha mabomu?

JAEL: Hapana! Mimi na madam tumelia pamoja mbele ya hiyo tivii. Kuna mama alikuwa anachimba kifusi na mikono, anaita mtoto... Usama angeniambia nilaani mwenye alirusha hilo bomu, ningelaani mara mbili. Lakini alitaka wote. Mimi sijawahi hata kumwona Myahudi.

WAHIDA: Ana uchungu yule. Anaona watu wake wanauliwa.

JAEL: Ako na haki ya uchungu. Lakini Myahudi ako dukani kwake huko mbali, anauza mkate, amemfanyia nini?

(Simu inakwaruza.)

WAHIDA: ...nakuuliza, na hilo kundi lenu la kanisa, Waarabu wanasemwaje?

JAEL: Aah.

WAHIDA: Sema.

JAEL: Usiniulize, Mama Safa. Nimekula kwako.

WAHIDA: Nimeshaelewa. Uliwajibu?

JAEL: Nilinyamaza. Niliogopa watasema nimebadilika. Vile wewe ulikuwa unanyamaza kwa meza.

WAHIDA: Meza gani?

JAEL: Yako. Baba Safa akiongea juu ya Wayahudi. Ati ni nyoka, ati hata mtoto wao ni nyoka. Mimi napakua wali. Wewe unaangalia sahani.

(Mlango unafungwa upande wa Wahida.)

JAEL: Mama Safa? Umekata? Pole, sikutaka—

WAHIDA: Nipo. Marehemu baba yangu, ule mwaka wa mapinduzi kule Unguja, walimtoa ndani na kanzu yake ya kulalia. Hawakumuuliza kafanya nini. Waliuliza kabila lake tu. Akawajibu, Mwarabu. Basi, hakurudi.

JAEL: Woi.

WAHIDA: Mama akatubeba tukaja huku. Nami nikakaa mezani nikatazama sah—

JAEL: Ngoja! Kuna mtu kwa ngazi.

WAHIDA: Nani? Jael! Nani?

JAEL: (anong'ona) Ni madam. Ameniona. Anakuja. Ana simu yangu mkononi... Anaongea mbio mbio, sielewi—

WAHIDA: Weka spika! Nimsikie!

(Sauti ya mwanamke kwa Kiarabu, mbali kisha karibu.)

WAHIDA: Anasema... kamwambia kaka yake kuwa umelaani. Jikoni, mbele yake. Usama kaondoka.

JAEL: Lakini sikusema!

WAHIDA: Anajua kama hukusema. Nyamaza. Anasema picha kaifuta. Anasema Usama atarudi na atakuuliza tena, na mumewe hawezi kubishana naye. Anasema... hawezi kukuweka tena, mwanangu. Kesho anakurudisha maktabu.

JAEL: Ofisi ya maajenti? Wataniuza nyumba nyingine! Au wanirudishe nyumbani bila kitu! Madam, tafadhali, min fadhlik—

WAHIDA: Analia?

JAEL: Analia. Ananishika kichwa.

WAHIDA: Mwambie asikupeleke, mimi hatanisikia kwa kilio hicho. Nitampigia mwenyewe leo hii tuhamishe ikama yako, hicho kibali cha kukaa. Utarudi Jeddah, kwangu.

JAEL: Kwako?

WAHIDA: Kwangu.

JAEL: Na Baba Safa? Akijua kilichonitoa huku, si ataniambia nilaani?

(Simu inakwaruza.)

WAHIDA: Itabidi aanze na mimi.

JAEL: Mama Safa, unaogopa. Naskia sauti yako.

WAHIDA: Naogopa, ndiyo. Kalamu ninayo. Nipe namba ya madam. Upesi.

JAEL: Sifuri tano tano— Nahashon anapiga honi! Gari ya baba imefika! Madam anasema yalla, nishuke—

WAHIDA: Namba, Jael!

JAEL: Atakupigia yeye! Anachukua yako kwa hii simu! Nashuka, niombee—

WAHIDA: Shuka taratibu, usikimbie! Ukiulizwa—

JAEL: Nikiulizwa niseme nini? Haloo? Mama Safa, niseme nini?

WAHIDA: Jael? Sikusikii. Jael! Haloo?