Jua la Uingereza na Kuni za Bibi Zuena

Mei 1958, masika bado yamekazana, tulikaa watatu kwenye benchi letu la Kilole, hapa Korogwe: Semboja, tuliyemwita Wakili kwa kupenda ubishi, Mhina, yaani Injini, mtia mafuta wa korona, ile mashine ya kuchana mkonge, na mimi Laurenti, Redio, kwa kuwa ndimi niliyewasomea gazeti. Mbele yetu Bibi Zuena, muuza kahawa, alipuliza kuni mbichi mpaka machozi yakamtoka. Kuni zile ni kosa langu. Januari niliwasomea kwamba Waingereza wameunganisha atomu wakapata moto kama wa jua, kwa maji ya bahari tu. Nikaongeza la kwangu: kabla ya masika umeme utakuwa bure, kuni basi. Bibi akaniamini. Kuni zake kavu za masika, zilizojaa darini, akazitoa zote kwenye harusi ya jirani. Sasa nilikuwa na gazeti jipya mfukoni: Waingereza wale wamekiri walikosea, jua lile halikuwaka. Nilikaa nalo tangu asubuhi, naona aibu kulifungua.

— Redio, Waingereza wamefika wapi? akauliza Wakili.

— Wanaendelea, nikasema.

— Waache! Jua tunalo. La pili la nini? Ramadhani tutafuturu saa ngapi, hili linazama na lile linawaka?

— Hujui mitambo wewe, akasema Injini. Moto ule hauna chungu cha kuubeba, chuma kinayeyuka. Wanauzungushia sumaku, unaelea katikati. Ukikubali tu, korona itachana mkonge wote wa Korogwe kabla ya chai ya saa nne.

— Na bahari ikikauka? Papa watakuja kuomba maji Handeni!

— Handeni kwenyewe maji yako wapi?

— Ndiyo maana nasema waache!

— Waache vipi? Misitu inakwisha, Wakili. Hata wakihangaika miaka hamsini, inafaa.

— Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Jua liko juu, litashuka lenyewe.

— Methali hiyo haihusu jua.

— Inahusu kila kilicho juu!

Bibi Zuena akakohoa moshi.

— Mimi nasubiri tu, wanangu. Redio alisema kabla ya masika. Labda alikuwa na maana ya masika yajayo.

Hakunisuta. Afadhali angenisuta.

Hapo akafika Lea, mama mmoja wa kijiji cha Dindira, ameshuka kwenye basi na kapu lake.

— Shikamoo, bibi. Kahawa ipo?

— Marahaba, mwanangu. Ngoja moto ushike.

Akangoja, akasikiliza ubishi wetu. Kisha akatazama nyaya za umeme zilizopita juu ya vichwa vyetu kwenda kiwanda cha mkonge.

— Na umeme huu uliopo, akauliza, bibi ameupata?

Injini akainama kumsaidia bibi kupuliza kuni.

— Redio, huna karatasi niwashie? akasema Bibi Zuena.

Hapo ndipo pa kusema kweli. Badala yake nikatoa gazeti.

— Jipya hili! Halina habari?

— Halina, bibi.

Moto ukashika mara moja. Kikombe cha kwanza akanipa mimi, mbele ya mgeni.

— Kunywa, mwanangu. Leo gazeti lako limenifaa.