Kavumbi, Mpiga Picha wa Majumba Yaliyofungwa

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kubeba kamera, Bwana Ronald Kavumbi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Tangu aajiriwe tarehe 1 Aprili 1991, Kituo chetu cha Kumbukumbu za Majengo kimebadilisha wakuu sita, ofisi mbili na birika za chai zisizo na idadi. Mpiga picha hakubadilika.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha taasisi za kisiwani Mombasa zilizofungwa milango: shule, mabweni, zahanati, viwanda, kabla hazijabomolewa au kuanguka zenyewe. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya mtu asiyependa watu. Kavumbi anapenda watu kupita kiasi, na hilo ndilo lililompa sifa, ingawa mwanzoni lilimtia matatani.

Alikuja Mombasa kutoka Mutomo akiwa kijana, akapanga chumba Kibokoni, Mji wa Kale. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa adabu kali, alimfunza jambo moja kabla ya kumkabidhi ufunguo: mlango wa mtu hupigwa hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Kavumbi akalishika. Wiki yake ya kwanza kazini alitumwa akapige picha bweni la mabaharia lililokuwa tupu kwa miaka tisa. Saa nne haijafika, karudi, na filamu haijaguswa. Kwenye ripoti aliandika kwa hati nzuri: "Nilipiga hodi mara tatu. Wenyewe hawapo." Ofisi nzima ilicheka hadi adhuhuri.

Kavumbi alicheka nao, lakini adabu yake hakuiacha, aliitafutia njia. Kesho yake alimtafuta mpishi wa zamani wa bweni lile, akamtanguliza ndani, kisha akapiga hodi na mpishi akamkaribisha. Tangu siku hiyo hajaingia jumba lililofungwa mpaka mtu aliyelifanyia kazi awe ndani na kumwambia karibu. Na mtu akishaitikia hodi mahali alipotoa jasho miaka ishirini, hanyamazi tena. Mpishi alisimama jikoni akalia kidogo, kisha akaonyesha kila sufuria ilipokuwa ikikaa na nani alikuwa akiiba nyama. Yote Kavumbi aliyaandika. Leo tuna picha za majengo mia moja na kumi na mawili, na kila bahasha ina kauli ya mtu ndani yake. Tumetembelewa na wataalamu waliokuja kuuliza tunafanyaje. Tunawajibu kwamba tunapiga hodi.

Mwaka 2018 ilifika zamu ya Nyumba ya Uzazi ya Rehema, upande wa Tononoka, iliyofungwa mwaka 2009 baada ya wenye kiwanja kugombana. Mtaani ilivuma habari nyingine: kwamba siku ya mwisho wakunga walikimbia wakawaacha wazazi vitandani, na mtoto akafa. Aliyebebeshwa uvumi huo ni Bi Mwanabaraka, mkunga mkuu. Alikuwa ameacha hata kwenda harusini, maana akikaa mkekani wenzake husogea. Kavumbi alipomwomba aje amkaribishe Rehema, alikataa mara mbili. Mara ya tatu Kavumbi hakuomba kitu. Alikaa barazani kwake, akanywa kahawa, akamsikiliza mpaka alasiri. Ndipo bibi akachukua buibui lake.

Kwenye chumba cha kuzalia kulikuwa na ubao, na juu yake chaki ya Bi Mwanabaraka ya jioni ile ya mwisho: tarehe, majina ya wazazi wanne, watoto watano, wote wazima, wote wamechukuliwa na jamaa zao. Hapa inabidi mwandishi wa wasifu huu akiri. Nilikuwa msaidizi wake siku hiyo, na maagizo ya ofisi yalitaka kuta safi. Nilishika kitambaa kibichi nikaanza kufuta. Kavumbi, ambaye hajapata kumpandishia mtu sauti, alinishika mkono. Jina la nne lilikuwa limeshakwenda. Picha ile tunayo, na alama ya kitambaa changu imo. Niliona haya ambayo mpaka leo haijaniisha.

Hakunilaumu. Alimwuliza Bi Mwanabaraka anamkumbukaje mama wa nne. Bibi alikumbuka kwamba ndiye aliyezaa pacha, na kwamba alikuwa akipinda leso kwa cherehani kwenye kibaraza cha duka, Biashara Street. Wale watatu ambao majina yao yalisomeka walipatikana upesi; kwa huyu wa nne, majuma matatu, kila saa ya chakula, Kavumbi alipita duka kwa duka na picha ya ubao mkononi. Mafundi wa cherehani walimzoea, wakawa wakimwuliza kama huyo mke aliyemkimbia bado hajaonekana. Mwishowe alimpata: Nasipwondi, ambaye siku hizi anashona sare za shule Tononoka.

Maonyesho tuliyafungua ukumbini, hapo hapo Tononoka. Bi Mwanabaraka alikuja shingo upande, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Mtaa ulikuwa umejaa, na waliousambaza uvumi walikuwamo. Mbele ya picha ya ubao Kavumbi aliwapanga wanawake wanne na watoto watano wa miaka tisa, Mukhwana na Mulongo, pacha wa Nasipwondi, wakisukumana mwishoni. Kisha akaenda nyuma, akamchukua Bi Mwanabaraka, akamleta mbele. Bibi alisoma ubao wake, akawatazama watoto mmoja mmoja, akasema taratibu: "Wahisabuni. Hawa ndio n'lowaandika, na hakupungua hata mmoja." Tukawahesabu, ukumbi mzima, kwa sauti. Juma lililofuata alialikwa harusi mbili, na zote akaenda.

Jengo la Rehema halipo tena, pamejengwa maghorofa. Ila hakuna leo mtu wa Tononoka anayelitaja kwa ubaya, na hiyo ni kazi ya mikono ya mwenzetu. Wengine wanastaafu wakiacha mafaili. Yeye ameacha jina la mtu likiwa safi, na sisi tunaona fahari kuwa tulifanya naye kazi.

Katika hafla ya leo, safu ya mbele amekaa Bi Mwanabaraka, na pembeni yake vijana watano wa miaka kumi na sita. Wamekuja kukuaga, Bwana Kavumbi, na hakuna aliyewaalika; wamesikia tu kwamba unaondoka. Nenda Mutomo kwa salama, mbuzi wako wazaane, afya isikupungukie, na uheshimiwe huko kama ulivyotuheshimu sisi. Na asante kwa kunishika mkono.

Tsofa Gunga
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo