Zinki Haivalishwi Nguo: Maisha ya Théodore Mushagalusa (1916–1959)

Marehemu Théodore Mushagalusa alifungwa miezi kumi na minne katika gereza la mji huu kwa sababu ya kipande cha zinki kilichopakwa rangi. Hakukipaka yeye. Aliyekipaka ni mdogo wake, Cyprien Birindwa, ambaye leo amebeba jeneza upande wa kichwa, na ambaye mpaka asubuhi hii hajasema neno. Hilo litangulie, ndipo maisha ya marehemu yafuate. Maneno haya ni ya mkewe, Séraphine M'Ruhamya. Anayeyasoma ni Lucien, mtoto wa dada ya Séraphine.

Théodore alizaliwa kijijini Nyangezi mwaka 1916, mtoto wa kwanza wa mzee Lwaboshi na mama M'Kabika. Kati ya watoto watano walikua watatu: yeye, Monique na Cyprien. Cyprien alizaliwa mwaka 1931, na mwaka huohuo baba yao akafa. Kabla ya kufa, mzee alimweka mtoto mchanga mapajani mwa Théodore akamwambia, "Huyu iko wako." Théodore alimbeba mgongoni mpaka misheni akabatizwe. Watu walicheka kumwona kijana wa miaka kumi na mitano akibeba mtoto kama mama, naye akawaambia mzigo huu haukojoi kila siku, leo tu ni bahati mbaya.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni Nyangezi. Alijua kusoma, kuandika, hesabu na Kifaransa kidogo. Mapadiri walitaka aendelee, lakini baba alipokufa alirudi kulima shamba la mama. Aliyeendelea na shule ni Cyprien, na karo yake ilitoka kwenye mabega ya kaka yake.

Mwaka 1936 alishuka Costermansville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule. Alibeba magunia bandarini, kisha mwaka 1940 akaingia katika atelier moja, karakana kando ya ziwa, walipotengeneza moteri zinazofungwa nyuma ya boti. Kazi yake ilikuwa mguu wa moteri, ndiyo sehemu ya chini inayozama majini pamoja na elisi, pangaboi linalosukuma boti. Mguu huo ni wa aluminiamu, na maji ya ziwa letu huila polepole, ikatoa unga mweupe chini ya rangi kama ukoga. Théodore alitoa rangi yote ya zamani. Hakutumia brosi ya chuma, kwa maana chembe za chuma hubaki ndani ya aluminiamu na kuiozesha. Alisugua kwa msasa na maji, akafuta kwa esanse, yaani petroli, na siku ileile, kabla metali haijashika hewa, akapaka rangi ya kwanza ya manjano. Kisha rangi ya juu mara mbili, kila moja ikikauka vizuri. Zinki aliiacha wazi. Ni kipande kidogo kinachofungwa kwenye mguu ili maji yakile chenyewe na kuuacha mguu salama. Ukikipaka rangi, maji hurudi kwenye mguu. Katika atelier walikuwa na msemo: zinki haivalishwi nguo.

Alifunga ndoa na Séraphine tarehe 8 Julai 1939 katika kanisa la Nyangezi, wakahamia mtaa wa Kadutu hapa mjini. Walizaa watoto watano, wawili wakafa wadogo. Alikuwa mume wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mwaka 1949, binti yake Apolline alipokuwa anapokea komunyo ya kwanza, viatu vyake vilikuwa vimechakaa. Théodore akavisugua kwa msasa, akavipaka rangi ya moteri, ya kijivu, mara tatu. Apolline alilia. "Papa, nitaonekana kama boti!" Baba akamjibu, "Boti haiingize maji, mwanangu." Siku ya maandamano mvua ikanyesha, watoto wote wakarudi na soksi zenye matope, yeye akarudi na soksi nyeupe. Tangu siku ile aliwaringia wenzake.

Cyprien alipomaliza shule, Théodore alimwombea kazi katika atelier ileile. Mwaka 1955, siku chache kabla ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, padiri alikuwa aje kubariki boti zote kando ya maji. Théodore alikuwa Nyangezi, mama yao alikuwa mgonjwa. Alikuwa amemaliza mguu wa moteri ya mzungu mmoja mwenye shamba kisiwani Idjwi, akaacha rangi ikauke. Cyprien alipouona, akaona aibu kwa kile kipande kilicho wazi. Kwetu kitu hakiendi kwa padiri kikiwa uchi. Hata mbuzi wa sadaka huoshwa. Wafanyakazi walimsikia akisema, "Padiri atabariki kitu iko uchi? Ni haya gani hii?" Akachukua pinso, brashi ya rangi, akaivalisha zinki nguo. Ikapendeza. Ikabarikiwa. Jioni ile boti ikavuka kurudi Idjwi pamoja na moteri yake.

Mwezi wa tatu mwaka 1956, boti ile ikiwa katikati ya ziwa na upepo mkali, mguu uliolika ukapasuka, moteri ikafa, mawimbi yakaipindua boti. Walizama mpishi wa yule mzungu na mwanamke mmoja wa Idjwi aliyekuwa anapeleka kuku sokoni Nyawera. Moteri ilipotolewa majini, zinki ilikuwa nzima kabisa, imevaa rangi yake.

Mkubwa wa atelier aliwakusanya wafanyakazi akauliza ni nani aliyepaka; waliomsikia Cyprien siku ile wakamwachia mwenyewe ajibu. Théodore alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alitazama ziwa. Ndipo Théodore akasema, "Mimi ndiye mukubwa wa kazi hii. Muniulize mimi." Hakusema kwamba alipaka. Alisema aulizwe. Lakini hakuulizwa tena, akafungwa.

Mkewe alipokwenda kumwona gerezani alimwambia, "Papa Apolline, sema jina lake, utoke!" Akajibu, "Nikisema mimi, nitakuwa nimemuuza. Akisema yeye, atakuwa mutu. Ngoja." Akamwapisha mkewe asiseme wakati yeye yu hai. Mkewe aliapa, na kiapo hicho kilimfunga kama gereza lilivyomfunga mume, ila yeye alifungwa miaka mitatu. Alikutana na Cyprien kanisani kila Jumapili. Alimpa mkono wa amani. Alisikia wanawake kwenye bomba la maji wakimwita "muke wa muuaji", akajaza ndoo yake akapanda mlima.

Théodore alitoka mwaka 1957. Kitabu chake cha kazi kilikuwa kimeandikwa gereza, na hakuna mlango uliofunguka kando ya ziwa. Kurudi Nyangezi alinyimwa karatasi ya kuhama. Alikaa kwenye kiwanja chake Kadutu, ziwa likionekana chini, asiweze kulifikia kwa kazi wala kuliacha. Alipaka rangi vitanda na baiskeli za majirani. Kila baiskeli aliisugua mpaka metali, hata ile ya mtu aliyetaka tu ifichwe kutu.

Kikohozi alichotoka nacho gerezani hakikupona. Mwaka 1958 alilazwa hospitalini mara mbili, kisha akarudishwa nyumbani. Mwezi wa pili mwaka huu Cyprien alikuja kumwona, na ndizi mkononi, akamwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama zamani.

"Yaya, unaendelea namna gani?"

"Niko. Kaa." Cyprien akaketi, akaweka ndizi chini. Kisha Théodore akamuuliza, "Cyprien, uko na kitu ya kuniambia?"

"Ndiyo, yaya."

"Sema."

"Mvua imeharibu barabara ya Nyangezi."

Théodore alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi," akasema, "ni barabara." Cyprien alipoondoka, mgonjwa aligeukia ukuta. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, mchana, nyumbani kwake, akiwa amepokea sakramenti. Kabla ya kukata kauli alimwambia mkewe, "Sasa kiapo kimeisha."

Jana jamaa walikaa kikao. Xavier, baba mdogo wa marehemu, alisema, "Kiwanja iko kwa jina ya mwanaume, na Stanislas angali mutoto. Séraphine atabaki mu jamaa. Cyprien atamuchukua." Agathe, mke wa Cyprien, aliinamisha kichwa. Cyprien akasema, "Shemeki, kwangu iko nafasi." Séraphine akamjibu, "Nafasi iko. Na mulango iko moja, na wewe ndiye umekaa mu mulango." Wengine walicheka, wengine wakamkemea. Hajajibu zaidi. Jibu lake ndilo hili linalosomwa.

Marehemu anawaacha mama yake M'Kabika, ambaye macho yake hayaoni tena na ambaye anaamini mpaka leo kwamba mwanawe mkubwa aliua watu, dada yake Monique, mdogo wake Cyprien, mkewe Séraphine, na watoto wake Apolline, Stanislas na Eulalie.

Deni lililobaki ni la Cyprien Birindwa, na si kubwa kwa mtu mwenye mdomo. Anadaiwa kusema, kwa sauti ambayo mama yake ataisikia: "Ni mimi niliyepaka zinki." Anadaiwa na marehemu, na Stanislas anayebeba jina la baba yake, na watu wa Idjwi waliozika wawili. Baba mdogo Xavier naye anadaiwa kusikiliza kabla ya kugawa mtu. Bila neno hilo, Séraphine hatavuka mlango wa Cyprien, hata akikosa mwingine.

Mungu amwondolee Théodore uchovu wa kungoja na ampe raha yake. Lucien sasa atakunja karatasi. Makoleo yabaki chini kwanza. Marehemu alingoja miaka mitatu. Sisi tunaweza kusimama hapa kidogo, tumtazame Cyprien.