Antena Inataka Ardhi

Kosa lilikuwa la Oyat, na alilikiri mwenyewe pale kijiweni Kawempe kabla Hajati Habibah, muuza kahawa, hajammiminia kikombe cha kwanza. Lori lake lilipotoka kupakwa rangi, alikataa kuweka antena ya redio juu ya kichwa cha gari, akiogopa sumaku yake isije ikachubua rangi mpya. Akaibandika nyuma, chini, baina ya kichwa na kontena, mahali ambapo hata upepo haupiti. Basi mwezi uliopita, wakirudi kutoka mpakani yeye na rafiki yake Tarcisio, kila mtu na lori lake, Tarcisio akapasukiwa tairi porini, mahali simu haishiki. Akamwita Oyat kwa redio. Akaita sana. Oyat alikuwa mbele huko, anaimba nyimbo za Bikira Maria, wala hakusikia kitu. Wezi walimkuta Tarcisio peke yake, wakamvua mpaka viatu. Tangu siku hiyo hapokei simu ya Oyat.

— Na asubuhi hii anaingia mjini kwa barabara hii ya Bombo, alisema Oyat. Kwa simu hanitaki. Labda kwa redio. Sasa niambieni, hii antena niiweke wapi?

Hapo ndipo ubao wa kijiwe ulipochangamka. Afande Abdul-Karim, mwanajeshi mstaafu, wanamwita Ova kwa kuwa hamalizi sentensi bila neno hilo la jeshini, la kumwachia mwenzako zamu redioni. Alishika kikombe kama anayepokea saluti.

— Juu ya kontena. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Antena iko juu, wewe uko chini, unangoja sauti ishuke. Ova.

— Na kontena ikishushwa bandarini, afande, antena inabaki na nani? aliuliza Habibah.

Ova akanywa kahawa.

Bonny, fundi wa madishi ya televisheni, wao humwita Satelaiti. Yeye alitaka ifungwe kwenye kioo cha kushoto. Alipoulizwa kwa nini kushoto, alisema, kwa matamshi yake ya Kiganda, ladio ni kama moyo, Mungu hakuuweka moyo kulia. Habibah akamwigiza, akasema loli la Oyat halijaenda kliniki, limeegeshwa tu.

Oyat akakumbuka kitu. Mwenye duka aliyemuuzia antena kule Kikuubo alimpa neno moja tu la kuondoka nalo: antena inataka ardhi nzuri.

Kijiwe kizima kikalitafuna neno hilo. Ardhi.

— Si nilisema? alidakia Satelaiti, ambaye hakuwa amesema. Antena ni kama muhogo, dereva. Lazima uipande. Debe tupu haliachi kuvuma, ndiyo maana ladio yako inapiga kelele. Jaza debe udongo, kelele inakwisha.

Kutoka hapo mambo yakawa makubwa. Ova alisema udongo si udongo tu. Milingoti ya jeshi kule Mbuya inasikika nchi nzima kwa sababu ya udongo wa mlima ule. Habibah akauliza nani atapanda na jembe kwenda kuchimba mlima wa wanajeshi, na akikamatwa ataeleza anapanda nini. Ova alisema yeye ana pensheni ya kulinda. Wakakubaliana udongo wa Kawempe unatosha, kwa vile una maji ndani, na sauti inapenda maji.

Oyat, aliyeacha shule mapema, aliamini yote. Alijaza kopo la maziwa la Habibah, akapanda antena ndani, akaliweka juu ya bampa. Redio ikavuma kama mafuta kwenye kikaango. Wakalipeleka kwenye kioo, Satelaiti akilishikilia kwa mikono miwili. Ikavuma vilevile, na udongo ukamwagikia kofia ya afande.

Ndipo Oyat alipotupa kopo. Alifuta mguu wa antena kwa shati lake, akapanda juu, akanyoosha mkono nayo mpaka katikati ya paa la kichwa cha lori. Sumaku ikauma bati. Alipoisogeza ikae sawa, ikachora mchubuko mrefu kwenye rangi. Aliutazama, akauacha.

Mvumo ukafa. Mtu akasema.

Sauti ya mwanamume, karibu kama ameketi nao ubaoni, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Si Kiacholi, si Luganda, si Kinubi cha akina Habibah, wala si Kilingala, ambacho Satelaiti hudai anakijua. Yule mtu alicheka. Akaita jina mara mbili. Kisha akazama, taratibu, kama jiwe kwenye maji mengi.

Kahawa ilikuwa inafurika kikombeni na Habibah hakuona.

— Subhana Llah, alisema.

Ova alivua kofia.

— Huyo hayuko Uganda. Jeshini walitufundisha. Kuna siku sauti inapanda mpaka huko angani, anga inairudisha, inaangukia nchi ya watu. Na ardhi, sasa nakumbuka, ni bati lenyewe la gari, pale chini ya antena. Nilisahau. Nisameheni.

Hakusema ova.

Oyat alifanya ishara ya msalaba. Mtu wa nchi isiyojulikana amecheka ndani ya lori lake, na yeye kitu cha namna hii alikificha nyuma ya kichwa cha gari, akamwacha mwenzake aite mpaka akachoka.

Satelaiti alikuwa ameanza kueleza kwamba sauti iliingilia kwenye ule mchubuko, maana loli limetobolewa sikio, wakati Akeyo wa saluni ya jirani alipofika na chupa yake kuchukua kahawa. Alisimuliwa yote, akasikiliza mpaka mwisho.

— Na huyo Tarcisio, aliuliza, redio yake ameiwasha?

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Habibah alichukua kitambaa akaanza kufuta kahawa iliyomwagika, polepole kuliko ilivyohitajika.

Oyat aliingia ndani ya lori, akaufunga mlango, akabonyeza maiki.

— Omera Tarcisio, ndugu yangu, ni mimi Oyat. Uliniita sikusikia, na kosa ni langu. Niko Kawempe. Kama umeiwasha, nijibu, hata kwa tusi.