Bibi Bernadeta na Makopo ya Jumatatu

"Bibi, mbona kila Ijumaa unatubomolesha?"

Swali hilo aliliuliza Tekla, mjukuu wa marehemu, mwaka 1974, akiwa na miaka mitano. Alikuwa amekumbatia gari lake la kopo na hataki kuliachia.  Marehemu alimpa koleo akasema, "Shika hapo, mama. Anza na gurudumu la nyuma, hilo ndilo legelege." Tekla aling'oa huku kamasi zinamtoka. Marehemu alikuwa mtu wa kujibu kila kitu, hata mvua inatoka wapi, lakini swali hilo moja alilizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi.

Bibi Bernadeta Kasimiri Nampoto alizaliwa tarehe 12 Machi 1924, karibu na misheni ya Ndanda, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kasimiri Nampoto na Bi. Anjelina, wote wawili sasa marehemu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1933, akamaliza darasa la nne mwaka 1936. Masista walimfundisha kusoma, hesabu na kushona. Sindano zilikuwa mbili kwa wasichana ishirini, kwa hiyo waliosubiri zamu walijifunzia kwa miiba ya mlimau. Hata uzeeni alikuwa akisema kwamba mwalimu wake hasa ni mwiba, maana sindano inasamehe, mwiba hausamehe.

Tarehe 8 Septemba 1943 alifunga ndoa na Polikarpo Mandanda, mchonga vinyago. Walijaliwa watoto wanne, mmoja akafariki angali mchanga. Mwaka 1953 walihamia Dar es Salaam, wakapanga Temeke, na mwaka 1965 wakajenga Mbagala. Mzee Polikarpo alifariki Agosti 1968, akamwachia mkewe patasi mbili, koleo moja, na zogo la wajukuu.

Kazi ya kuwatengenezea watoto vitu aliianza kabla hajaitwa mwalimu. Desemba 1961, siku za Uhuru, watoto wa mtaa wake Temeke walitaka bendera na hawakuwa nazo. Marehemu alichana shuka kuukuu, akapaka weusi wa mkaa, njano ya manjano ya jikoni, na kijani cha majani ya kunde yaliyotwangwa. Mwaka 1964 bendera ilipobadilika ikawa na rangi ya buluu, watoto walirudi mbio. "Bibi, imeongezeka nyingine!" Akatia buluu ya kufulia. Siku ile watoto wa mtaa mzima walikuwa na vidole vya buluu, na baadhi yao meno.

Mwezi wa Februari 1971 alifungua darasa la chekechea kwenye kibaraza cha ofisi ya tawi la chama, Mbagala. Gundi yao ilikuwa uji mzito wa muhogo. Magurudumu yalikatwa kwenye kandambili zilizokatika, na ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Mwaka 1973 alikuja bwana mmoja wa ukaguzi, daftari kwapani, akatangaza kwamba chekechea isiyo na vifaa itafungwa na watoto warudi majumbani. Majumbani hakukuwa na mtu. Mama zao walikuwa shambani na sokoni, na Barabara ya Kilwa ilikuwa hapo hapo, magari yanapita.

"Vifaa ninavyo, mwanangu," marehemu alimwambia.

Na kweli, bwana yule kila aliporudi alikuta vitu. Mara magari, mara simu za makopo na uzi, mara ngoma. Akaandika: vifaa vya kutosha.

Ila kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, darasa zima lilibomoa. Bwana Adelard, katibu wa tawi, alilisifia jambo hilo mkutanoni. "Ndugu zangu, Bibi Bernadeta katupita wote! Pale hakuna basi la fulani, kuna bati la wote. Huo ndio ujamaa wenyewe!"

Watu walipiga makofi. Mauwa, mama wa mtaani aliyekuwa akiuza vitumbua, alidakia kutoka nyuma. "Ujamaa gani wa kuliza watoto? Ndugu katibu, na wewe Ijumaa ubomoe baiskeli yako basi, tuone!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Marehemu peke yake hakucheka. Aliinamia pindo la kanga yake, anakunja, anakunjua.

Binti wa Mauwa, Somoe, alisoma pamoja na Tekla. Mwezi wa Mei 1975 Somoe alitengeneza basi ambalo halijasahaulika. Gurudumu moja alilikata mwenyewe kwa mkasi butu, likatoka kama yai, basi likawa linavuta kushoto kila linapokwenda. Abiria wake walikuwa korosho. "Wa kushoto pandeni!" alipiga kelele kibaraza kizima. "Wa kulia mtembee, mie sifiki huko!"

Jumatano akashikwa na surua. Ijumaa, tarehe 16, hakuwepo. Marehemu alimwambia Tekla, "La mwenzako libomoe wewe, anaumwa." Tekla alilibomoa haraka haraka, tena kwa furaha, kwa kuwa mara hii halikuwa lake. Lile gurudumu la yai halikufaa kitu, akalitupa jaani. Jumamosi alfajiri Somoe alifariki, na adhuhuri akazikwa.

Jumapili, marehemu na Tekla wakifagia kibaraza, Mauwa alikuja, hajavaa viatu. "Bibi, nimefuata basi la mwanangu."

 Marehemu aliingia ndani, akatoka na makopo yale yale, spoku zile zile. Alikaa chini na Tekla wakaliunda upya palepale, spoku ikamchoma kidole. Walipomaliza walilisukuma kwenye saruji. Lilikwenda moja kwa moja, limenyooka.

Mauwa aliliangalia mpaka liliposimama. "La mwanangu lilikuwa linavuta kushoto," alisema. Akaondoka akaliacha.

Marehemu na Tekla walikwenda jaani kutafuta gurudumu. Walichakura mpaka jua likazama, hawakuliona. Ijumaa iliyofuata, watu wote wakijua yaliyotokea, marehemu alitoa koleo, na darasa likabomoa. Mtaani walisema ana roho ngumu. Tekla naye, aliyempenda kuliko mtu yeyote, alimwogopa kidogo siku ile. Mauwa hakupita tena mbele ya kibaraza kwa miaka tisa.

Marehemu aliendelea na darasa mpaka Januari 1984, alipoanza kuugua moyo na miguu ikamvimba. Alilazwa mara mbili. Dawa aliyoandikiwa haikupatikana. Mwanawe Gregori aliitafuta toka Temeke mpaka Kariakoo, siku nne mfululizo, akarudi na chupa tupu aliyokwenda nayo. Marehemu alirudishwa nyumbani mwezi wa Mei. Mchana, watoto wa chekechea walikuja dirishani kumwonyesha walichotengeneza, naye akawa anawaelekeza kwa kidole kimoja, maana mkono mzima haukunyanyuka tena. Alifariki nyumbani kwake Mbagala, Jumamosi tarehe 9 Juni 1984, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini.

Ameacha watoto watatu, Gregori, Anjelina na Fransis. Wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Tekla, ambaye sasa yuko kidato cha pili. Na watoto thelathini na mmoja wa chekechea ambao leo, Jumatatu, wamesimama hapa kaburini na sare zao. Familia inawashukuru majirani wote. Mwenyezi Mungu aipumzishe mikono yake, na amani iwe malipo ya kazi yake.

Limebaki lile swali. Jumatano iliyopita Mauwa aliingia chumbani kwa marehemu na bakuli la uji, mara ya kwanza tangu mwaka ule. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu."  Uji ulikuwa unapoa. Tekla, aliyekuwa akimpepea bibi yake, alishindwa kuvumilia. Aliuliza kama alivyouliza zamani: mbona alikuwa akiwabomolesha? Na hata baada ya Somoe, mbona hakuacha?

Marehemu hakumwangalia Tekla. Alimwangalia Mauwa, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

"Makopo yalikuwa kumi na saba tu, mama. Ningesema sina mengine, wangelifunga darasa. Ningewaachia yale, Jumatatu ningewapa nini?"