Kilango cha Penka

Basi lilipokuwa likitoka Sofia mjini, Lyuben alimwambia bibi aliyekaa naye kwamba amenunua nyumba kule kijijini mwisho wa njia ya basi, na Jumatatu anajenga ukuta kuzunguka ua. Alikuwa amechoshwa na kelele za mjini.

"Kwetu kumetulia, mwanangu. Tunda la plamu likianguka mtini utalisikia," alisema bibi. "Ila ukuta wa nini? Kila ua una kilango cha kupitia kwa jirani. Mimi na marehemu Penka tulinuniana miaka minne, na kila vuli alipita pale kuniletea pilipili hoho za kuchoma. Salamu hanipi."

Abiria wa nyuma waliacha kujifanya hawasikilizi.

"Nyumba yenyewe namba ngapi?" aliuliza bibi.

"Kumi na tisa."

Basi likafika mwisho wa njia, likasimama. Bibi akabeba kikapu chake.

"Ya Penka hiyo. Shuka basi, ukakione hicho kilango unachotaka kukiziba."